Namba ya simu tulipewa, pa kulala hatukupewa (kafyu ya 2020)

Shangazi Ng'ambo (mleta uzi)

Wadau, hamjambo. Juzi nilikuwa natafuta kadi ya kliniki ya mjukuu wangu, mkono ukaangukia daftari langu la mwaka 2020. Daftari la shule tu, jalada la kijani, limeliwa na mende pembeni. Wakati ule nilikuwa mama wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama, mtaani kwetu, huku ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na nilikuwa najitolea kuwasaidia maafisa wa watoto. Kila aliyekuja kugonga nilimwandika: siku, saa, shida yake, na nilimpeleka wapi. Hiyo safu ya mwisho ndiyo imeninyima usingizi. Mara nyingi nimeandika neno moja tu: "Kwangu."

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikasemwa shule zifungwe. 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni hiyo hiyo ya kwanza watu waliokuwa wakiwahi feri walitupiwa mabomu ya machozi na kuchapwa virungu, wengi wao wametoka vibaruani. Mwanzoni mwa Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hutoki huingii. Hoteli zikafunga. Mwanamume aliyezoea kurudi saa nne usiku akawa yuko nyumbani tangu asubuhi, mfukoni hana kitu, na watoto wanne wanamtazama. Sisemi njaa ndiyo hupiga watu. Wanaume wengi mtaani kwetu walikaa na njaa hiyo hiyo na hawakumgusa mtu. Lakini yule aliyekuwa na mkono mwepesi tangu zamani, sasa alikuwa na siku nzima.

Nitawapa kisa kimoja. Ilikuwa Ramadhani, tumeshafuturu, yapata saa tatu usiku. Akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, beseni kichwani limefunikwa leso. Amepita nyuma ya nyumba, uchochoro kwa uchochoro, asikutane na askari. Mdomo umevimba. Ndani ya beseni mlikuwa na nguo za mtoto, kadi ya kliniki, kitambulisho, na nusu kilo ya unga. Nikamuuliza kwa nini beseni. Akasema, "Shangazi, ningebeba mkoba angejua naondoka. Nimemwambia nakwenda bombani."

Nikapiga 1195, namba ya bure ya dhuluma za kijinsia. Nisiwadanganye, ilipokelewa. Binti mwenye sauti ya upole alizungumza naye kama robo saa, akamtuliza hata akaacha kutetemeka. Kisha akauliza lile wanalopaswa kuuliza: yuko mahali salama? Nikatazama mlango wangu. Komeo lilikuwa limelegea tangu mwaka juzi. Na mume wake anapajua kwangu kama anavyopajua dukani, maana kila mtu anapajua kwa mama wa Nyumba Kumi. Tuliburuta cherehani yangu tukaiegemeza mlangoni, tukalala.

Asubuhi tukaenda kituo kimoja cha polisi. Askari hakuwa na ukali wowote. Alisema fomu za P3, zile za polisi za kuandika majeraha, zimekwisha, tukatoe kopi, na saibaa zote, maduka ya intaneti na kopi, zilikuwa zimefungwa. Kisha akamwambia yule mama, "Mwezi mtukufu huu, rudi mkasameheane."

Sasa nirudi kwenye hoja. Sisemi serikali haikufanya kitu. 25 Machi Rais Uhuru alitangaza shilingi bilioni 10 zaidi kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Jaji Mkuu Maraga alilisemea jambo hili la dhuluma mwanzoni mwa Aprili. 6 Julai Rais akaamuru kituo cha taifa cha utafiti wa uhalifu kichunguze na kuripoti ndani ya siku 30. Watoto walikuwa na namba yao ya simu, 116, saa 24. Matamko yalikuwapo, namba zilikuwapo, pesa zilitajwa. Kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu ni chumba. Chumba chenye kitanda na mlango unaofungika, ambacho ningemwambia boda boda, "Mpeleke huyu pale, serikali itampokea."

Niambieni kama mwenzenu wa upande mwingine alikiona.

---

Pwani Halisi

Hiyo beseni nimeielewa. Mama yangu alitumia ndoo.

---

Mkweli Mchungu

Shangazi, kwa heshima zote. Mwaka 2020 hakuna serikali iliyojua inafanya nini. Watu walikuwa wanakufa Italia, hapa tunahesabu mashine za kupumulia. Ulitaka wajenge majumba ya kulala wanawake katikati ya janga? Halafu hizi habari za dhuluma kupanda zilikuzwa sana na mashirika yanayotafuta wafadhili. Si mnakumbuka Machakos? Tukaambiwa wasichana karibu elfu nne wamepata mimba kwa sababu ya lokdauni. Baadaye ikaonekana hesabu haisimami.

---

Karani Mstaafu

Mkweli, kuhusu Machakos uko sawa, na ni vizuri umelitaja. Idadi ile ilikuwa ya wasichana wa miaka 10 hadi 19 waliofika kliniki za wajawazito kuanzia Januari hadi Mei. Ndani yake mna wa miaka 18 na 19, wengine wameolewa. Na aliyefika kliniki Februari ana tumbo, mimba yake haiwezi kusingiziwa shule iliyofungwa Machi. Vyombo vya habari vilikimbia na namba bila kuihoji.

Lakini usiyatupe yote kwa sababu ya moja. Nilikuwa mahakamani miaka mingi, nazijua karatasi. Taarifa ya Maraga ya Aprili haikutoka kwa mfadhili. Ilisema makosa ya kingono yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi zilizoripotiwa katika majuma mawili yaliyotangulia, na baadhi ya watuhumiwa walikuwa jamaa wa karibu na watu wanaoishi nao. Ile ripoti iliyoamriwa na Rais ilikuta visa vya dhuluma za kijinsia kati ya Januari na Juni 2020 vimeongezeka kwa asilimia 92.2 vikilinganishwa na vya 2019. Hicho ni kituo cha serikali yenyewe.

Simu za 1195 nazo zilitoka 86 mwezi Februari zikapita 1,000 mwezi Juni. Hapa nitakuwa mwangalifu kidogo. Namba ilitangazwa redioni mchana na usiku, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni watu kuijua. Na simu moja si kisa kimoja, mtu aweza kupiga mara tatu. Hata hivyo, ukitoa yote hayo, simu elfu na zaidi hazipigwi kwa sababu watu hawana la kufanya.

---

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi chumba cha dharura kaunti moja ya Pwani wakati huo. Naomba niseme mawili matatu maana naona watu bado wanakosea hata leo.

Moja. P3 SI tiketi ya kutibiwa. Mtu akibakwa aje hospitali kwanza, moja kwa moja, asioge, nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitalini tunajaza fomu yetu ya huduma baada ya kubakwa, na P3 itafuata. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina saa 72. Za kuzuia mimba ni hadi saa 120, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Sasa pigeni hesabu: mtu ametendewa saa mbili usiku wa Ijumaa, kafyu, anasubiri kuche. Jumamosi anatafuta kopi ya P3. Jumapili saibaa imefungwa. Jumatatu ananijia mimi saa tano, saa 63 zimekwisha.

Mbili. Watu waliogopa hospitali. Ilisemwa hadharani kwamba atakayekamatwa nje wakati wa kafyu atawekwa karantini siku 14, na hadi serikali iliposema mwezi Mei kwamba itabeba gharama, walikuwa wanalipishwa wenyewe. Nilimpokea mama mmoja ana mkono umevunjika siku ya tatu. Nikamuuliza kwa nini hukuja. Akasema, "Nesi, mkono utapona. Karantini ningelipa na nini?"

Hospitali ya Coast General, Mombasa, kuna kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia na kiliendelea. Tatizo halikuwa kituo, ni kukifikia. Kwa mtu wa ng'ambo, kati yake na kituo mna bahari.

---

Kijana wa Chaani

Tukumbuke pia huo mwisho wa Machi mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa barazani kwao ghorofani, Kiamaiko, Nairobi, polisi wakitekeleza kafyu. Halafu unamwambia mama atoke usiku aende kwa polisi hao hao awaambie mume ananipiga.

---

Mwalimu Kazi Bure

Mnazungumzia kina mama, sawa. Mimi nitazungumzia watoto maana ndio waliokaa kimya zaidi.

Watu hudhani shule ni hesabu na Kiingereza. Katika kazi yangu ya miaka 29, shule ilikuwa macho. Mtoto anayekaa upande mmoja wa matako kwenye deski, unajua. Msichana aliyekuwa mchangamfu muhula wa kwanza, muhula wa pili hataki kuvua sweta na jua la saa saba, unajua. Yule ambaye kengele ya kwenda nyumbani ikilia anatafuta kazi ya kufanya, anafuta ubao, anapanga viti, anauliza kama mwalimu ana vyombo vya kuosha. Huyo unamjua kabisa. Machi 2020 macho hayo yalifumbwa. Oktoba wakarudi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Wengine wote hadi 4 Januari 2021. Miezi tisa.

Darasani kwangu Januari ile viti vitatu vilibaki vitupu. Wawili niliwatafuta nikawapata, mmoja ana mimba, mmoja anauza mahamri barabarani na hataki kurudi. Wa tatu familia ilikuwa imehama na hakuna aliyeweza kuniambia wapi.

Na kuna jambo halijasemwa hapa. Machi hiyo hiyo iliamriwa watoto wa makao ya watoto warudishwe kwa jamaa zao, kupunguza msongamano. Wazo si baya, mtoto hukulia kwa watu wake. Lakini kumrudisha mtoto ni kazi ya miezi: unatembelea nyumba, unaongea na bibi, unajua kwanza kwa nini aliondolewa. Hapa ilikuwa siku chache. Kuna watoto waliopandishwa matatu na kurudishwa kwenye nyumba ile ile waliyookolewa. Afisa wa watoto ni mmoja kwa eneo zima, hana gari, na barabara zimefungwa. Nani aende kuangalia?

---

Mkweli Mchungu

Mwalimu, hilo la makao sikulijua. Nakubali.

---

Mtu wa Tanga

Jirani zangu, poleni. Huku kwetu hatukufungiwa, mnajua msimamo wa hayati Magufuli ulivyokuwa. Shule zilifungwa kuanzia 17 Machi, na nyingi zikafunguliwa 29 Juni. Kwa hiyo mama akipigwa usiku aliweza kutoka. Hilo tulikuwa nalo, sitalikana.

Ila msidhani huku ni peponi. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ni jambo zuri, na 116 ipo. Lakini nimeona mama akiambiwa bila PF3, fomu ya polisi ya huku, hatibiwi, na PF3 iko kituoni, kituo kiko mbali. Hadithi ni ile ile, mmeipunguzia herufi moja. Na nyumba salama nyingi huku ni za mashirika na za masista, si za serikali. Nilidhani ninyi mmetuzidi.

---

Dada wa Leicester

Hapa Uingereza nilikuwa nalea wazee wakati wa lokdauni, niliona matangazo kwenye kila basi. Kitu kimoja ambacho nilitamani nyumbani wangekiiga hakina gharama hata shilingi: waziri alisimama akasema wazi kwamba amri ya kukaa ndani haimhusu anayekimbia kipigo. Sentensi moja. Askari anaijua, mama anaijua, na mume pia anaijua.

Pesa nazo zilitoka, Mei 2020 walitangaza pauni milioni 76 kwa waathiriwa wa dhuluma na wa utumwa wa kisasa, na watoto walio hatarini. Januari 2021 wakaanzisha neno la siri kwenye maduka ya dawa, unakwenda unamuulizia "Ani", wanakuingiza chumba cha ndani. Sasa msinielewe vibaya, hapa pia malazi yalijaa na wanawake wageni wasio na makaratasi walihangaika sana. Mwenzangu mmoja kutoka Mombasa alilala kwenye kochi langu wiki sita. Nami daftari langu lingeandikwa "Kwangu".

---

Baba Shufaa

Na wanaume je? Mbona uzi mzima hakuna anayetutaja? Mimi ni shahidi, jirani yangu alimwagiwa uji wa moto.

---

Shangazi Ng'ambo

Baba Shufaa, wamo. Daftari langu lina wanaume watatu. Mmoja alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyekuwa anapigwa na mwanawe wa kiume. Kwake nilipata tabu zaidi, maana hata yale makazi machache ya mashirika yanapokea wanawake na watoto. Naye alilala kwangu, mkekani, na asubuhi akaniomba nisimwandike jina. Sikuliandika.

---

Afisa Asiyejulikana

Nasoma kimya tangu jana. Niko serikalini, msiniulize wapi.

Swali la Shangazi kwamba chumba kilikuwa wapi, jibu lake ni la kiofisi na litawaudhi. Afya ni ya kaunti. Polisi ni wa serikali kuu. Maafisa wa watoto ni wa serikali kuu. Masuala ya jinsia yana idara Nairobi na yana idara kaunti. Nyumba salama, ambayo ni kitanda, chakula, mlinzi, mshauri na nauli, inagusa wote hao, na ukiuliza iko kwenye bajeti ya nani kila mmoja anamwangalia mwenzake. Kwa hiyo zilizokuwapo 2020 nyingi zilikuwa za mashirika, na nyingine zilisita kupokea watu wapya kwa hofu ya korona, kwa sababu hazina mahali pa kumtenga mtu siku 14. Human Rights Watch waliandika juu ya haya Septemba 2021 na wakasema huduma za waathiriwa hazikuhesabiwa miongoni mwa huduma muhimu tangu mwanzo. Ofisini kwetu kuna waliokasirika. Mimi nilinyamaza kwa sababu ilikuwa kweli.

Kuhusu ile bilioni 10. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, zilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na anayelipwa ni yule aliyeandikishwa. Mama akitoroka na beseni, kadi inabaki nyumbani kwa jina la aliyeandikishwa. Pesa zilifuata nyumba, hazikumfuata mtu.

---

Pwani Halisi

Afisa umetuua na hiyo ya mwisho.

---

Kijana wa Chaani

Shangazi, yule mama wa beseni aliishia wapi? Hukumaliza.

---

Shangazi Ng'ambo

Alikaa kwangu siku kumi na mbili. Mume alikuja usiku wa tatu, saa za daku, hakupiga kelele, alisimama tu nje akisema anamtaka mwanawe. Imamu wetu ndiye aliyetoka kumkabili, Mungu amlipe. Kwao yule mama ni Taita, lakini Mombasa ilikuwa bado imefungwa, hatoki mtu. Tukamhamishia kwa mwenzetu wa chama, kisha kwa mwingine. 7 Julai barabara zilipofunguliwa tulimchangia nauli, akapanda matatu ya Voi asubuhi na mapema. Sasa ana kibanda cha mboga, mtoto yuko shule. Beseni aliliacha, naoshea mchele.

---

Karani Mstaafu

Shangazi, niruhusu nikupinge kidogo, na nimefikiri kabla ya kuandika. Uzi wako wote unauliza chumba cha mwanamke kilikuwa wapi. Mimi nauliza kwa nini yeye ndiye wa kutafuta chumba.

Tuna Sheria ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015. Ilikuwapo miaka mitano kabla ya korona. Inatambua kipigo, kunyimwa matumizi, kufuatwafuatwa, hata wakwe kuingilia ndoa (ndiyo, imo, cheka upendavyo). Chini yake mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, na katika amri hiyo inaweza kumzuia mwenye kupiga asikanyage nyumba wanayoishi, hata kama nyumba ni yake. Mahakama zilipunguza kazi Machi 2020, lakini mambo ya dharura yaliendelea. Mama angebaki na watoto wake, kitanda chake, bomba lake. Mwanamume mzima mwenye afya ndiye angekwenda kutafuta pa kulala kwa rafiki zake.

Nimekaa kwenye dawati la mahakama na maombi ya amri hizo niliyoyapokea kwa mkono wangu yalikuwa machache. Askari wengi hawaijui sheria hiyo. Machifu hawaijui. Niambie kweli, wewe uliijua?

---

Shangazi Ng'ambo

Karani, sikuijua. Tulipewa semina mbili za Nyumba Kumi, zote za magaidi.

Nimelifungua tena daftari usiku huu, nimepita safu ya mwisho kuanzia Machi hadi Desemba. Kwangu, kwangu, kwa mamake, kwa chama, hospitali, kwangu, Taita, amerudi kwa mume, kwangu. Nimetafuta mahali ambapo niliandika kwamba aliyetoka ni yule mwenye kupiga. Sijapaona.